Maswali ya Wasomaji: Baridi ya Houston

Barua za safari hii zimetoka Houston, Texas, na kwa jamaa wa wale wanaoishi huko. Karibu zote zinauliza kitu kimoja: mji uko kusini kabisa, karibu na Ghuba ya Meksiko, watu wanavaa kaptula hadi Novemba, sasa inakuwaje kila baada ya muda mabomba yanapasuka na shule zinafungwa? Kwa wastani baridi ya Houston si kali. Hatari yake iko katika kuja ghafla, na katika nyumba zilizojengwa kukimbiza joto badala ya kulihifadhi. Vipimo tumeviandika kwa Farenhaiti kama vinavyosomwa huko, na Selsiasi kwenye mabano.

Asalaam aleikum. Binti yangu amejifungua na ninakwenda kumtunza Januari na Februari. Watu wananitisha na baridi ya Marekani. Ikoje hasa, na nibebe nini?
*Nyanya, Mombasa*

Waaleikum salaam, Bi, na hongera kwa mjukuu. Januari ya kawaida mchana hufika 64°F (18°C), na alfajiri hushuka hadi 44°F (7°C). Aliyewahi kulala Limuru au Njombe mwezi wa Julai baridi hiyo anaifahamu. Kinachomshangaza mgeni ni kutotulia kwake. Siku tatu mfululizo unaweza kukaa nje na gauni jepesi, 75°F (24°C), hewa nzito yenye unyevu wa bahari. Halafu mchana mmoja upepo unageuka, unavuma kutoka kaskazini, na ndani ya saa chache joto linashuka nyuzi 20 hadi 30 za Farenhaiti. Kwetu pwani kaskazi huja na jua. Upepo huu wa Texas ni kinyume chake. Unaanzia kwenye nyanda za Kanada, na kutoka huko mpaka Ghuba hakuna safu ya milima iliyolala kuukinga. Siku mbili tatu baadaye upepo wa kusini unarudi, na joto nalo.

Usiku wa maji kuganda, yaani 32°F (0°C) kushuka chini, ni kama kumi kwa mwaka au pungufu. Vitongoji vilivyo mbali na bahari, kama Conroe na Katy, hupata zaidi. Galveston, iliyozungukwa na maji, hupata kidogo sana.

Kwa hiyo usinunue koti zito la manyoya. Beba nguo nyepesi za kuvaliana: seti mbili za nguo za ndani za kubana zenye mikono mirefu, sweta mbili, koti moja lisilopitisha upepo wala mvua na lenye kofia, viatu vya kufunika mguu, soksi nzito jozi nne, na shali. Koti la mvua usiliache. 45°F (7°C) yenye manyunyu na upepo inachosha mwili kuliko 35°F (2°C) kavu yenye jua. Kwa ngozi, mafuta ya nazi au vaselini yatakufaa, maana mtambo wa joto hukausha hewa ya ndani.

Jambo moja kuhusu mtoto: msimfunge kwenye kiti cha gari akiwa na koti nene. Gari likigonga, koti linabonyea na mikanda inabaki imelegea. Mvalishe nguo za kawaida, kaza mikanda, kisha mfunike blanketi juu yake.

Tumenunua nyumba ya zamani. Jirani wa kulia anasema usiku wa baridi kali niache bomba lidondoke. Wa kushoto anasema jiji limekataza. Nimsikilize nani?
*Baba wa familia, Alief*

Wa kulia anajua fizikia, wa kushoto anajua jiji. Tuanze na fizikia, kwa sababu ukiielewa hutasahau la kufanya.

Maji yakiganda ndani ya bomba yanatanuka, lakini mara nyingi bomba halipasuki pale penye barafu. Barafu inakua kama kizibo na kuyasukuma maji yaliyobaki kati yake na koki iliyofungwa. Shinikizo linapanda hadi bomba au kiungio kinaachia, pengine mita kadhaa kutoka penye barafu. Koki ikiwa wazi kidogo, shinikizo hilo lina pa kutokea. Ndiyo sababu ya kudondosha.

Tatizo ni pale mji mzima unapodondosha kwa pamoja: shinikizo la maji ya jiji linaanguka. Februari 2021, katika dhoruba kubwa ya baridi iliyoikumba Texas, lilianguka kiasi kwamba wakazi wa Houston waliagizwa kuchemsha maji ya kunywa kwa siku kadhaa, na wazima moto nao wanategemea maji hayohayo. Ndiyo maana idara ya maji ya jiji huwaomba wakazi wafunike mabomba na wasiyaache yakidondoka. Njia inayowatendea haki majirani zako wote wawili ni kufunga maji na kuyamwaga.

Kwanza, zoezi la Oktoba au Novemba, siku ya jua. Panda darini na uangalie. Nyumba nyingi za Houston zimelazwa moja kwa moja juu ya zege, kwa hiyo mabomba yamepitishwa juu ya dari au ndani ya kuta za nje, mahali penye baridi sawa na ya uani. Pima unene wa bomba. Mengi ni ya nusu inchi au robo tatu inchi. Nunua mirija ya sponji ya kipimo hichohicho, ambayo imepasuliwa upande mmoja ili kuvika, uifunge kwa tepu kwenye kila kona na kila kiungio. Watu huvika sehemu iliyonyooka na kuruka kona, na ni kwenye kona bomba linapoganda. Koki za nje zivike vifuniko vyake vya sponji ngumu vyenye ndoano. Mpira wa kumwagilia uuvue. Ukibaki umeunganishwa unafungia maji ndani ya koki, na hata koki iliyotengenezwa isigande itapasuka.

Siku hiyohiyo tafuta vali kuu ya maji ya nyumba. Kwa kawaida iko ukutani nje, karibu na koki ya mbele, au ardhini njia ya kwenda kwenye mita. Ya mkono mnyoofu hufungwa kwa robo mzunguko, mpaka mkono ukae kukingama na bomba. Ya gurudumu, kama haijaguswa miaka mingi, usiilazimishe. Shina lake hukatika. Mwite fundi aibadilishe kabla ya baridi, maana usiku wa dharura hutampata.

Joto la kuangalia ni 20°F (−7°C). Hapo ndipo mabomba ya darini yasiyovikwa huanza kuganda kwa wingi, hasa likikaa hivyo saa kadhaa na upepo ukivuma. Kwa usiku wa 30°F (−1°C) vifuniko na kabati zilizofunguliwa chini ya sinki vinatosha. Utabiri ukifika 20 au chini yake, fanya hivi jioni:

Jaza kwanza maji ya kunywa, lita 4 kwa kila mtu kwa siku, ya siku tatu. Jaza ndoo au bafu kwa ajili ya choo. Choo cha kisasa kinakula lita 6 kwa mvuto mmoja. Hita ya maji ya gesi irudishe kwenye kimoto kidogo cha kuwashia. Ya umeme izimie breka, kwa sababu koili ikiwaka ndani ya tangi lililopungua maji huungua. Funga vali kuu. Fungua koki iliyo juu kuliko zote, ya moto na ya baridi, kisha iliyo chini kuliko zote, kwa kawaida ya nje, ili hewa iingie juu na maji yatoke chini. Vuta vyoo mara moja. Acha koki zikiwa wazi.

Kurudisha maji kuna hatari yake. Bomba lililopasuka halivuji wakati limeganda; linavuja barafu inapoyeyuka. Subiri nje kupite 32°F, ufungue vali robo tu, mmoja wenu akae kwenye vali na mwingine azunguke vyumba vyote akisikiliza. Mkisikia mchirizo darini au mkiona doa kwenye dari, fungeni mara moja na mpige picha za bima kabla ya kugusa chochote. Bomba lililoganda bila kupasuka liyeyushwe kwa mashine ya kukausha nywele, kuanzia upande wa koki kurudi nyuma. Usitumie moto wa aina yoyote.

Kama uko kwenye apatimenti huna vali ya kufunga. Fuata maelekezo ya ofisi ya jengo, fungua kabati za sinki, na usizime joto hata ukisafiri. Liache 55°F (13°C).

Jambo. Huku Gulfton tuko jamaa watu saba. Kule Lubumbashi baridi ya Juni ikizidi tunaingiza mbabula (jiko la makaa) ndani. Umeme ukikatika hapa tufanye vile?
*Mama wa watoto, Houston*

Hapana, Mama, hata kwa dakika kumi, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Makaa yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala haina harufu. Nyumba ya mabati yenye upenyo juu ya kuta huitoa kwa kiasi. Apatimenti ya Houston imezibwa isipitishe joto la kiangazi, na gesi inabaki humo na nyinyi. Katika dhoruba ya baridi ya Februari 2021 nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 za Texas zilikosa umeme, na hesabu rasmi ya jimbo ilifikia vifo 246. Baadhi yao waliuawa na gesi hii wakijaribu kupata joto: makaa ndani, jenereta karibu na mlango, gari lililowashwa gerejini. Oveni ya gesi nayo si ya kupashia chumba.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Watu wengi wa nyumba moja wakiugua pamoja, na wakitoka nje wakapata nafuu, hiyo si mafua. Tokeni nje wote, kisha mpige 911. Nunueni kengele ya kugundua gesi hiyo, ya betri, muiweke karibu na vyumba vya kulala. Mwenye jenereta ailaze nje, futi 20 (mita 6) kutoka kwenye dirisha au mlango wowote, moshi ukielekezwa mbali na nyumba.

Bila umeme, chagueni chumba kimoja kidogo, ikiwezekana kinachopata jua la kusini, mlale humo wote. Tundikeni mablanketi kwenye madirisha, sukumeni taulo chini ya mlango. Godoro liwe juu ya zulia au makatoni, kwa sababu zege linanyonya joto la mwili. Kukiwa hakukaliki, pigeni 211, namba ya kuulizia misaada, muombe mkalimani wa Kiswahili, na muulize jengo la karibu lililofunguliwa kwa ajili ya watu kujipasha joto.

Umeme ukiwepo na mnatumia hita ndogo ya sakafuni: ile ya wati 1,500 inavuta ampea 12.5, na soketi nyingi za vyumbani ziko kwenye breka ya 15. Maana yake ni hita moja kwa laini, bila pasi wala maikrowevu juu yake. Ichomekwe ukutani moja kwa moja. Ekstensheni nyembamba huyeyuka kimyakimya nyuma ya kochi. Iwe mita moja mbali na pazia, kitanda na nguo, na izimwe mkilala.

Je, Houston kuna theluji?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Mara chache, na haikai. Tarehe 21 Januari 2025 ilianguka inchi 2 hadi 4, viwanja vyote viwili vikubwa vya ndege vikasimamisha safari, na mashariki zaidi, ofisi ya hali ya hewa ya Lake Charles, Louisiana, ikatoa onyo la dhoruba kali ya theluji na upepo (blizzard) kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kinachoonekana mara nyingi zaidi ni mvua inayoganda inapogusa kitu. Ukungu mzito nao ni wa majira haya, hewa ya joto ikipita juu ya maji baridi ya Ghuba. Tufani za bahari huisha Novemba, ila vimbunga vya nchi kavu havifuati kalenda: tarehe 24 Januari 2023 kimbunga kikali kilipita Pasadena na Deer Park, miji jirani ya Houston.

Ninaendesha teksi ya programu. Barabara za juu zinanitia hofu asubuhi za baridi. Ninawezaje kujua kama kuna barafu?
*Dereva, Sharpstown*

Hofu yako ina msingi. Barabara ya ardhini inapashwa na udongo ulio chini yake. Daraja lina upepo baridi juu na chini, kwa hiyo linaganda kwanza, na Houston ni mji wa madaraja yaliyopandana ghorofa nne na tano. Barafu yenyewe ni utando mwembamba usio na rangi. Lami inaonekana imelowa tu. Dalili za kutegemea: joto la nje kwenye dashibodi ni 35°F (2°C) au chini, kulikuwa na mvua au ukungu usiku, na gari lililo mbele halirushi maji ingawa barabara inang'aa. Kelele ya matairi ikipungua ghafla, tayari uko juu yake.

Hapo ondoa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki, shika usukani mnyoofu mpaka daraja liishe. Gari likianza kuteleza, elekeza usukani kule unakotaka mbele ya gari iende, polepole. Breki, kukunja kona na kuongeza mwendo visifanyike kwa pamoja. Magari makubwa ya jimbo hunyunyizia madaraja maji ya chumvi kabla ya baridi kufika, lakini hayamalizi yote. Tarehe 11 Februari 2021, kaskazini huko Fort Worth, magari zaidi ya 130 yaligongana kwenye kipande kimoja cha barabara kuu ya juu, na watu sita wakafa, katika barabara iliyokuwa imenyunyiziwa siku mbili kabla. Tunakusihi: asubuhi ya onyo la barafu acha kazi hadi saa nne au tano, jua likishapiga. Nauli ya abiria wa alfajiri hiyo hailipi bodi ya gari.

Kagua pia upepo wa matairi. Kila joto likishuka nyuzi 10 za Farenhaiti, tairi hupoteza kama psi 1, ndiyo maana taa ya tairi huwaka asubuhi ya kwanza ya baridi.

Bili ya umeme ya Januari imetupiga, na mtambo wa nje unafuka moshi. Umeharibika?
*Mpangaji, Houston*

Huo ni mvuke. Mtambo unaovuta joto kutoka nje hupata jalidi kwenye koili, na kila baada ya muda unajiyeyusha wenyewe. Hewa baridi inaonyesha mvuke huo kama moshi. Ukiuona dakika chache kisha ukatoweka, ni mzima. Ukiona barafu nene imeganda juu yake kwa saa nyingi, piga simu ofisini.

Bili ina sababu nyingine. Kukiwa na baridi kali mtambo huo unasaidiwa na koili za umeme zilizo ndani, kilowati 5 hadi 10. Ukiingia umekuta 62 na ukaruka hadi 74, koili zote zinawaka. Weka 68°F (20°C), na ukipandisha, panda nyuzi moja au mbili kila mara. Badilisha chujio la hewa kila mwezi mmoja hadi mitatu. Vipimo vyake vimechapishwa pembeni ya fremu. Harufu ya vumbi kuungua siku ya kwanza ya kuwasha ni ya kawaida, lakini ikiendelea siku ya pili zima.

Kwenye mkataba wa umeme, chagua bei isiyobadilika. Ukishindwa kulipa, piga 211 uulizie msaada wa bili. Ujue pia kwamba kanuni za Texas zinazuia kukatiwa umeme iwapo jana yake joto halikupita 32°F na utabiri unaonyesha litabaki hivyo saa 24 zijazo.

Bustani yetu ya jumuiya ina lengalenga (mchicha), sombe (majani ya mihogo), matembele, sukuma wiki na migomba. Nini kitapona?
*Wakulima wa bustani, kusini-magharibi mwa Houston*

Sukuma wiki iacheni. Inavumilia hata chini ya 25°F (−4°C), na baada ya jalidi majani yake huwa matamu zaidi. Hii ni mboga yenu ya baridi, pandeni Septemba na Oktoba. Lengalenga na matembele yatakufa usiku wa kwanza wa kuganda, hivyo vuneni yote mchana wake. Mgomba utaungua majani, lakini tunguu lililo chini litachipua likifunikwa majani makavu au nyasi unene wa sentimita 20. Shina lililonyauka msilikate mpaka mwisho wa Februari, maana linakinga moyo wake. Mlonge nao hufa juu na kuchipua chini.

Vya kufunika: mwagieni udongo maji mchana, kwa kuwa udongo uliolowa hushika joto kuliko mkavu. Jioni tandazeni shuka au blanketi lifike mpaka chini na mlikandamize kwa mawe. Kulifungia kwenye shina kama mwavuli hakusaidii, joto linalookolewa ni la ardhini. Nailoni isiguse majani, inayaunguza. Asubuhi joto likipanda, ondoeni.

Sombe ndiyo inayohitaji kuokolewa mapema. Kabla ya onyo la kwanza la kuganda, mara nyingi Desemba, kateni mashina ya mihogo yaliyokomaa, yale ya kahawia, urefu wa mita moja. Yafungeni pamoja, yasimamisheni mahali pakavu, penye kivuli, pasiposhuka chini ya 50°F (10°C); kabati la ndani linafaa kuliko gereji. Tieni alama upande wa juu kwa rangi. Kuganda kwa mwisho kwa kawaida hupita kufikia mwisho wa Februari, lakini udongo bado ni baridi na kipande kitaoza. Ngojeni mwisho wa Machi au Aprili, mkate vipande vya sentimita 20 hadi 25, mvilaze mshazari, macho mawili yakibaki juu ya udongo.